Wimbo wa Peterson Haukuwa na Mwisho

Watu husema Ephantus Waithaka alichoka siku ile Peterson alipowapa yeye na wenzake rekodi. Uongo mtupu. Alikuwa amechoka kitambo. Miaka hamsini na tisa, bega la kulia linauma kila mvua ikikaribia, na mwaka ule wa sabini na tatu mvua ya Nakuru ilikuwa haiachi kukaribia.

Peterson alikuwa meneja mpya wa hoteli, kijana mpole mwenye tai pana. Jumapili hiyo aliwakuta wanamuziki wake wanne wakikunja stendi zao za karatasi baada ya kuwapigia watu muziki wa chai ya saa kumi, akawaamkua vizuri, akakohoa kidogo.

"Wazee wangu, msinielewe vibaya. Mimi nawaheshimu sana. Lakini hebu angalieni huu ukumbi."

Wakaangalia. Wageni walikuwa sita, na wawili kati yao walikuwa wamelala.

"Vijana wa siku hizi wanataka roki," Peterson akasema, akaweka rekodi mezani. "Jifunzeni huu wimbo. Jumapili ya tatu nitawaita vijana wote wa mjini. Mkiwachezesha, Jumapili ni zenu mpaka mchoke wenyewe. Mkishindwa, nitaleta bendi ya magitaa kutoka Gilgil."

"Na hiyo bendi iko na ngoma?" Darshan Singh akauliza.

"Ngoma, spika, kila kitu, mzee."

Darshan akapangusa ndevu zake, akaendelea kukunja stendi. 

Sasa, hawa wanne walikutana vipi? Zamani Waithaka alikuwa mpishi wa daktari mmoja Mzungu kule Njoro. Daktari alipenda sana ule muziki wa nyuzi unaotaka watu wanne, na pamoja naye walikuwa watatu tu. Basi akamtoa mpishi jikoni akamtia violini kidevuni. Usicheke. Baada ya miaka minane mpishi alikuwa amempita bwana wake. Uhuru ulipokuja daktari aliuza shamba akaenda zake, akamwachia Waithaka violini na kabati zima la karatasi za noti za muziki. Ndipo Waithaka akatafuta wenzake. Alimpata Darshan, fundi wa magari, aliyepiga selo, ile violini kubwa inayokaa sakafuni katikati ya magoti. Akampata Khaemba, mstaafu wa bendi ya polisi, akampa viola, iliyo kubwa kidogo kuliko violini. Na wa nne alikuwa Pushpa, mwalimu wa shule ya msingi, mjane wa mtaa wa Section 58. Yeye alipiga violini ya pili.

Huyo Pushpa ndiye aliyemnyima Waithaka usingizi. Mwanawe Pradeep alikuwa Uingereza, na alishaandika barua tatu: Mama, njoo, chumba kiko, unangoja nini? Wahindi wengi wa mjini walikuwa wameshafunga maduka na kwenda. Siku ile Peterson alipotoka ukumbini, Pushpa alimwambia Waithaka waziwazi, bila kuzunguka.

"Mzee Waithaka, mimi nimebaki hapa kwa sababu ya Jumapili. Jumapili ikiisha, nikae nikiangalia ukuta?"

Waithaka akamfungia kasha la violini. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, mkewe Mugure yuko nyumbani mzima wa afya, na hapakuwa na jambo baya lolote kati yake na mwalimu. Lakini wapiga nyuzi hawana mtu wa kuwahesabia moja, mbili, tatu. Mpiga violini ya kwanza huvuta pumzi kwa pua, na wengine watatu huvuta naye, kisha pinde zote za kukwaruzia nyuzi hushuka pamoja. Mwaka wa kumi sasa Pushpa alikuwa akivuta pumzi naye kila Jumapili. Mugure mwenyewe alijua, akasema, "Huyo mama akienda, hutapiga tena. Nakujua." Waithaka alijua ni kweli. Alitaka jambo moja tu: asiende.

Kwa hiyo wakaingia kazini. Alasiri tatu, shule ikifungwa, walikusanyika kwa Pushpa mbele ya gramafoni. Hawakujua kupiga kitu kisichoandikwa. Mbele yao lazima pawe na karatasi, la sivyo mikono inakataa. Pushpa alikuwa anaweka sindano, anasikiliza kidogo, anainua, anaandika kwa penseli. Sehemu ya gitaa linalopiga kelele akampa Waithaka. Ya ngoma akampa Darshan, azigonge nyuzi za selo kwa upinde.

"Huyu mtu anaimba, ama amebanwa kidole na mlango?" Darshan akauliza.

"Andika hivyo hivyo, Mwalimu," Khaemba akasema. "Amebanwa, mara nne."

Walicheka, na kwa muda Waithaka akasahau bega. Ule wimbo haukuwa mbaya. Ulikuwa na hasira nzuri, hasira ya mtu mwenye nguvu za kupoteza. Shida ilikuja mwishoni. Wimbo wenyewe ulikuwa hauna mwisho! Wale vijana wa kwenye rekodi walishika kipande kimoja wakakirudia, wakakirudia, na sauti ikawa inapungua, inapungua, mpaka ikabaki sindano tu inakwaruza.

Jamani, mtoto yeyote wa mjini angewaambia. Ile ni kazi ya fundi wa studio, anapunguza sauti kwa kidole. Bendi ikiwa jukwaani hukata wimbo kwa kishindo, watu wakapiga makofi, ikaisha. Lakini hawa wanne walimuuliza nani? Walikuwa wamefundishwa kwamba kilichoandikwa na mwenye wimbo hakiguswi, na kwao rekodi ilikuwa ndiyo maandishi yake. Pushpa akasikiliza mara saba, akahesabu, akaandika: rudia mara kumi na sita, kila mara sauti chini kuliko iliyotangulia, hadi kimya.

"Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma," Khaemba akanung'unika alipoiona karatasi.

Darshan hakupendezwa. "Mimi naona tukate tu. Mara moja. Pah! Hawa ni watoto, watakuwa wanaruka. Utawashusha polepole namna hii, watapenda?"

Wote wakamgeukia Waithaka, maana yeye ndiye violini ya kwanza.

"Mwenye wimbo hakukata," Waithaka akasema. "Tutashuka kama ilivyoandikwa."

Haya. Jumapili ya tatu ikafika, na Peterson alitimiza neno lake. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Nywele za afro, suruali za belbotomu zinafagia sakafu, wasichana wa viatu vya soli nene. Walipowaona wazee wanne wamekaa kwenye viti na nguo zao nyeusi za zamani, kicheko kikapita ukumbi mzima. Kijana mmoja akaita, "Wazee, mazishi ni wapi?"

Waithaka akavuta pumzi kwa pua.

Lo! Hakuna aliyetarajia, hata wao wenyewe. Darshan aligonga ile selo mpaka sakafu ya mbao ikaitikia. Khaemba alikaza viola kwa mdundo wa gwaride la polisi. Waithaka akapiga lile gitaa la kelele, juu kabisa ya uzi mwembamba, na Pushpa akamfuata chini yake bila kumwacha hata hatua moja. Kicheko kikakatika. Msichana mmoja akaanza kucheza, kisha watatu, kisha ukumbi mzima ukawa unaruka. Peterson alikuwa mlangoni anapiga makofi juu ya kichwa. Bega la Waithaka lilikuwa linawaka moto, naye hakujali hata kidogo. Alimtazama Pushpa, akamwona anatabasamu, na moyoni akasema, haendi. Huyu haendi popote.

Ndipo wakaanza kushuka.

Mara ya kwanza na ya pili watu hawakugundua. Mara ya nne wakaanza kutazamana. Mara ya sita miguu ikapoteza mdundo. "Ongezeni sauti!" mtu akapaza. Mara ya nane wengi walikuwa wamesimama tu, mikono inaning'inia. Msichana yule wa kwanza akasema kwa huruma, na wote wakasikia, "Maskini, wazee wamechoka."

Waithaka alisikia. Alijua wakati uleule kwamba Darshan alikuwa amesema kweli. Angeweza kukata hata sasa, akainua kidevu, pah, na pengine wangeokoka. Lakini pinde nne zilikuwa zinafuata karatasi na karatasi ilisema nane bado. Mkono wake ulikuwa haujui kufanya lingine. Miaka thelathini ya kutii noti haiachwi katikati ya wimbo.

Mara ya kumi Peterson naye akaamini wameishiwa nguvu. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Aliona aibu kwa niaba yao, akataka kuwafichia. Akatembea haraka hadi kwenye gramafoni kubwa ya umeme ya hoteli, akaweka rekodi nyingine, akafungua sauti yote. Magitaa yakapasuka, ukumbi ukapiga ukelele wa furaha, na vijana wakawageuzia wazee mgongo wakaendelea kucheza.

Zilikuwa zimebaki mara sita. Pushpa akamtazama Waithaka. Yeye akamwashiria kwa kichwa, endelea. Wakapiga zote sita, kila moja chini kuliko iliyotangulia. Hawakujisikia hata wenyewe, walifuatana kwa kutazama pinde tu. Walipomaliza wakasimama, wakainama pamoja kama daktari alivyofundisha. Waliinamia migongo ya watu.

Peterson akaja mbio, jasho linamtoka. "Wazee wangu, mmejitahidi sana. Kweli kabisa. Sasa mpumzike, eh? Vijana wa Gilgil watashika kuanzia Jumapili ijayo."

Mpumzike! Mtu aliyechoka miaka yote ile, na hilo ndilo neno lililomuumiza kuliko yote. Waithaka alitaka kulia, akaona aibu kulia mbele ya watoto.

"Ni mimi," akawaambia wenzake. "Darshan alisema tukate."

"Hata tungekata, tungekosea mahali pengine," Darshan akasema, akafunika selo yake. Khaemba akafunga viola yake. Aliwapa mkono mmoja mmoja, akatoka.

Pushpa alikuwa bado amekaa. Alipakata violini yake, akaanza kuzungusha vigingi vya shingoni, akizilegeza nyuzi. Violini inayorudi nyumbani hailegezwi nyuzi. Hulegezwa ile inayopanda ndege, nyuzi zisije zikakatika kule juu.

"Lini?" Waithaka akauliza.

"Kesho nitamjibu Pradeep."

Waithaka akachutama mbele yake, goti likalia, akamshikia violini shingoni kwa mikono miwili ili apate kuzungusha vizuri.

"Usilegeze zote kwa mara moja, Mwalimu," akasema. "Kidaraja kinachoshikilia nyuzi kitaanguka."