Kioo Juu ya Kioo

Simu iliwaka wakati Mwanapili ameshika kishada cha karafuu kwa mkono wa kushoto, na vidole vya kulia vinachambua. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa juu ya gunia la makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, hatua mbili kutoka jamvini, na watu wa Mgogoni ndio kwanza walikuwa wanatoka kusali alfajiri.

"Rahila," alimwita wifi yake aliyekaa upande wa pili wa jamvi. "Itazame."

Rahila aliinua shingo. Simu ilikuwa imejifungua yenyewe. Picha zilipita moja baada ya moja, polepole, kama zinapekuliwa na mtu asiye na haraka. Ilipita harusi ya Kojani, ikapita picha ya mbuzi aliyeibiwa, kisha ikasimama picha ya Safaa siku ya safari, na buibui lake jipya. Picha ikaanza kukua. Ikakua mpaka likabaki jicho moja tu, limejaa kioo kizima, linawatazama.

"Audhubillahi," Rahila alisema. "Wifi, hicho ni kidole. Ila kiko upande wa ndani."

"Hebu nyamaza."

"Ninyamaze nini na mie nnaona kwa macho yangu?"

Mwanapili alifuta mikono kwenye kanga, lakini mafuta ya karafuu hayatoki kwa kanga. Akaichukua simu hivyo hivyo. Kabla hajaizima aliona jambo jingine. Usiku, wao wakiwa wamelala, simu ilikuwa imepiga Maskati mara tatu. Mara mbili haikupokelewa. Mara ya tatu ilipokelewa, na mazungumzo yalidumu sekunde tisa.

Nani aliyezungumza kwa sekunde tisa? Na kwa upande huu, alizungumza na nani?

Safaa alikuwa bintiye wa pekee. Miezi kumi na moja nyuma alikwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani, kwa karatasi zilizopitia ofisi ya ajira na kugongwa mihuri. Siku kumi na mbili nyuma alitumia simu ya mtumishi wa nyumba ya jirani kumtumia mama yake ujumbe wa sauti, usiotimia hata dakika moja. Mwisho wa ujumbe ule alimsihi mama yake asiipigie nambari ile, maana bibi mwenye nyumba akijua, basi hata mlango huo mdogo utafungwa. Kwa siku kumi na mbili Mwanapili alikuwa ameuzuia mkono wake. Sasa simu ilikuwa imepiga bila mkono.

Alikuwa ameshapeleka ujumbe ule ofisini mara mbili, simu ikiwa nzima kwa matumizi. Mara ya kwanza bwana anayehusika alikuwa mazikoni. Mara ya pili alikuwa semina. Leo, Alhamisi, ndiyo siku ya mwisho. Orodha ya wanaoombewa kurudishwa itafungwa saa nane na kesho itapelekwa Unguja. Orodha nyingine, waliambiwa, haijulikani lini.

"Tungelipata na kombe jingine," Rahila alisema.

Mwanapili aliizima simu, akaitia mkobani. Simu ilipoanza vituko vyake Jumapili, mwalimu wa chuo cha Kurani aliwaandikia kombe, aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikakoshwa kwa maji. Kombe hunywewa, na Mwanapili alilinywa. Lakini lililobaki sahanini alilichovya vidole akaipangusa simu mbele na nyuma na pembeni kote, huku akisoma Ayatul Kursiyu. Alifanya hivyo siku tatu, na kwa nia safi. Kila siku simu ilizidi.

Aliondoka na gari ya kwanza ya Chake Chake, simu imezimwa ndani ya mkoba, na mkono juu ya mkoba.

Haroub fundi simu alikuwa na meza yake mtaa wa Madungu, kwenye baraza ya duka la vitambaa. Alikuwa kijana mwenye miwani na ndevu chache, anayeongea huku anafanya kazi. Leo mbele yake alikaa Silima, dereva wa bodaboda, anabandikiwa protekta, kile kioo chembamba cha kulinda kioo cha simu.

"Ya ngapi hii?" Haroub aliuliza.

"Ya sita tokea Ramadhani. Zinavunjika zote, na kioo changu kizima kama siku ya kwanza."

"Ndiyo kazi yake. Inavunjika hiyo kisivunjike chako."

"Basi wewe unatuibia. Kitu kizuri hakivunjiki mara sita."

"Na wewe nani alokwambia uendeshe honda huku simu umeibana kwa bega? Kwanza kioo chako kizima kwa sababu hakuna anayekupigia." Haroub alicheka, kisha akamwona Mwanapili amesimama. "Shikamoo, Bi mkubwa. Karibu."

"Marahaba, mwanangu." Aliiweka simu mezani, akaiwasha, akaondoa mkono haraka.

Ilikaa kimya kwa pumzi tatu. Halafu herufi zikaanza kujiandika kwenye kisanduku cha ujumbe. *Ssss. Aaa. Ssaaf.* Silima alisogeza kiti nyuma.

"Yakhe, mie nnakwenda zangu."

"Kaa," Haroub alisema. Alitoa laini kwanza, isije ikapiga tena. Kisha akaipeleka simu puani. "Karafuu." Akaiinamisha kwenye mwanga. Chini ya protekta, kuanzia pembeni, ulikuwa umetambaa mstari wa unyevu, na ndani ya unyevu rangi ya njano. "Na hii?"

"Zafarani," Mwanapili alisema kwa sauti ndogo. "Kombe."

Silima alifungua kinywa. Haroub alimtazama mara moja tu, na Silima akakifunga.

"Kombe lina heshima yake, Bi mkubwa," Haroub alisema. "Lakini ni la mwanaadamu. Simu haina kifua cha kulipokea. Nani alikubandikia protekta hii?"

"Mchuuzi wa sinia, pale sokoni. Simu iliangukia jiwe la kisima, ikatia ufa. Akaniambia hii itaushikilia ufa, nisiuone tena."

"Hapo ndipo alipokudhulumu. Protekta inabandikwa juu ya kioo kizima. Ukiibandika juu ya ufa ni kama kufunga kidonda na usaha ndani. Halafu hii yenyewe ni ya elfu mbili, gundi yake ya pembeni tu, katikati ni tupu. Mafuta ya karafuu yanakula gundi, maji yanapata njia, na maji yakikaa pale, simu inadhani kidole."

Mwanapili aliyasikiliza haya kama mtu anayesomewa hukumu ya kumwachia huru. Hapana shetani, basi. Ni maji, mafuta na gundi. Kisha akauliza, "Na mbona inapiga nambari ile ile?"

Haroub aliushika uzi mwembamba wa kubandulia vioo uliokuwa mezani, akauachia. "Hilo silijui," alisema.

Walijaribu kwanza kuucheza ujumbe, Haroub ameshika simu yake mwenyewe karibu aurikodi. Sauti ya Safaa ilitoka, ya kunong'ona, karibu mno. "Mama, ni mie—" Simu ikaruka, ikaufunga ujumbe. Wakajaribu tena. "Mama, ni mie—" Ikafunga. Mara ya tatu ilikatika pale pale, na Silima akaanza kusoma Qul Audhu bila kuona haya.

"Ingeachwa wazi siku mbili ikauke, pengine ingetulia," Haroub alisema. "Nikiibandua sasa, nitakwambia kweli, vipande vya kioo chenyewe vimeshikana na protekta. Vinaweza kuja navyo. Kioo kipya cha aina hii hakipo Pemba, mpaka kiagizwe Unguja."

"Nina mpaka saa nane."

"Kwani hawataki kuusikia kwenye simu yangu, nikiweza kuurikodi?"

"Wamesema simu yenyewe na nambari yenyewe. Wamesema siku hizi sauti za watu zinatengenezwa."

Haroub alitikisa kichwa. Ilikuwa saa sita kasorobo. Mwanapili alifumba macho. Hakuomba mengi. Alisema, *Yaa Latifu*, akayafumbua. "Bandua."

Aliipasha moto pembeni kwa mashine ya kukaushia nywele, akaupitisha uzi taratibu kama anayekata mkate laini. Protekta iliinuka. Ilitoa mlio mdogo, na harufu ya karafuu ikatoka kali kama imekaa humo mwaka. Ilipobanduka yote ilikuja na chembe za kioo, zinameta. Haroub alipangusa, akapuliza.

Simu ilitulia. Herufi zilikoma, picha zilikoma. Ilikuwa kimya kama maiti aliyekwisha kukoshwa.

"Alhamdulillahi!" Mwanapili alisema, akacheka.

Haroub alikuwa hacheki. Aliweka kidole juu ya kioo, akakivuta. Akaweka kingine. Akamwomba Silima aweke chake. Kioo kiliwaka vizuri, picha ya Safaa ilionekana nyuma ya nyufa, lakini hakikuhisi mtu. Vidole vyote vya baraza ile vilipita juu yake kama vya watu wasiokuwepo. Akachomeka kipanya cha kompyuta kwa waya. Simu haikukitambua.

"Nisamehe, mama," Haroub alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Alirudisha laini mahali pake, akakataa kuchukua chochote, na Silima akampakia Mwanapili hadi ofisini bila ya nauli. 

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye feni iliyosimama. Mlango ulikuwa wazi, na benchi la wanaosubiri lilikuwa ndani humo humo, kwa hiyo shida ya kila mtu ilisikiwa na kila mtu. Walikuwepo watano. Bwana Maher, afisa wa orodha, mwenye shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, alikuwa nyuma ya faili. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na nusu zamu ya Mwanapili ilipofika.

"Umekuja na ushahidi, Bi Mwanapili?"

"Nimekuja nao. Simu hii hapa, na ujumbe umo. Kioo ndicho kimekataa kushikwa."

Maher aliitazama bila ya kuigusa. "Sasa mie nitaandika nini? Kwamba nimeonyeshwa simu mbovu?"

"Andika kwamba nilikuja na simu nzima wiki iliyopita, wewe ukawa semina."

Mtu mmoja benchini aliguna. Maher alifunua ukurasa. "Mambo haya yana utaratibu, mama. Hapa pameandikwa, ujumbe usikilizwe na afisa. Mie sijausikia. Kwa hiyo haikuthibitika. Utatengeneza simu, na orodha nyingine ikifunguliwa—"

Simu ikalia.

Ililia juu ya meza ya Maher, inatetemeka, inasogea kidogo kidogo kuelekea kwake. Nyuma ya nyufa ilikuwa nambari ya Maskati. Nambari ile ile.

Mwanapili aliiwahi kwa mikono miwili. Akavuta alama ya kijani kwa kidole gumba. Akavuta tena. Akaibonyeza, akaipangusa kwa ukaya wa kichwani, akavuta kwa kidole cha shahada, mpaka kioo kikamkata na damu ikachora njia nyekundu kutoka chini hadi juu, pale pale simu ilipotaka kuvutwa. Haikuhisi. "Nisaidieni," alisema. Mwanamke mmoja aliinuka benchini akajaribu, na mzee mwenye bahasha akajaribu. Maher aliurudisha mgongo wake kwenye kiti, mikono yake juu ya mapaja.

Ilikuwa Safaa, au bibi mwenye nyumba aliyekwishajua? Simu haikusema. Ililia mpaka mwisho wake, ikanyamaza. Haikulia tena.

"Umeona," Mwanapili alisema. "Umeona nambari."

"Nimeona simu imelia," Maher alisema, si kwa ukali. Akachukua kalamu moja mfukoni, akaandika neno moja kwenye safu ya mwisho ya orodha. "Anayefuata."

Mwanapili hakuinuka. Aliweka mikono yake mezani, mmoja wenye damu na yote miwili yenye rangi ya karafuu, akainamisha kichwa. Alipofungua kinywa, sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu mdogo kwake kwa miaka ishirini, inanong'ona.

"Mama, ni mie Safaa. Nasema polepole, wamelala. Usilie. Siku zile nilizokwambia sijambo nilikuwa nasema uongo, nisamehe. Paspoti yangu anayo yeye. Mlango unafungwa kwa nje."

Akanyamaza kidogo, pale Safaa aliponyamaza. Akavuta pumzi, pale Safaa alipovuta. Mwanamke wa benchini alijifunika mdomo kwa mtandio.

"Nalala jikoni. Mkono umeungua, haujapona, na maji nnayashika vivyo hivyo. Nasali juu ya tambara la deki, mama, sijui kama inapokelewa. Nenda kawaambie wale waliotuandika. Waambie niko hai. Usiipige nambari hii, si yangu, na bibi akijua itafungwa na njia hii. Mama—" Hapo palikuwa na kishindo cha mbali, na Mwanapili alikipiga kwa ncha ya kidole juu ya meza, mara moja. "Basi. Basi."

 Maher alikuwa ameshika kalamu bila ya kuandika, na rangi imemtoka midomoni.

"Siwezi kuandika nilichosikia kwako," alisema hatimaye. "Utaratibu unasema—" Akakohoa. "Anayefuata."

Hakuna aliyeinuka. Mzee mwenye bahasha, ambaye ndiye aliyefuata, aliikunja bahasha yake akaikalia.

"Anayefuata, jamani. Saa nane inafika."

"Mama," Mwanapili alianza tena, kwa sauti ile ile, "ni mie Safaa. Nasema polepole, wamelala."