Aya za Mtende

Mwinyijuma hakupiga hodi. Aliingia na makubadhi yake mpaka ndani kwa Bibi Kulthum, akaukanyaga mkeka wa chuo cha Kurani, akamshika mkono binti yake Dija mbele ya wasichana wenzake kumi na mmoja.

"Huyu hasomi tena hapa! Namtuma kisimani, namkuta anabishana na watoto wa misheni habari za Noeli yao. Wao wanasema Nabii Isa kazaliwa zizini, yeye anawaambia la, chini ya mtende, na siku yenyewe haijulikani. Nani kamfundisha upuuzi huu?"

"Mimi," alisema Bibi Kulthum.

Angejibu kwa upole pengine mambo yangepoa, lakini upole haukuwa fungu lake. Na kengele ya misheni ilikuwa ikilia Noeli tangu alfajiri, kila mzazi wa Bagamoyo roho juu, akihofia mwanawe ataibiwa dini.

"Kumbe unakwenda kuchota kwa mapadri!"

"Mwinyijuma, hayo yamo katika msahafu. Wewe mwenyewe unayasoma."

"Mimi nimehitimu mara tatu, usinifundishe! Ikifika adhuhuri hutabaki na mtoto hata mmoja."

Kuhitimu alihitimu kweli. Kila herufi aliitoa mahali pake, kama alivyofundishwa, ila hakuna aliyewahi kumwambia neno moja lina maana gani. Vyuo vya mji ndivyo vilivyokuwa. Bibi Kulthum peke yake ndiye aliyefasiri, kwa sababu marehemu mumewe, Hamoudi wa Maskati, alimfundisha Kiarabu.

Adhuhuri ilipofika, wasichana wengine wanane walikuwa wameshachukuliwa na wazazi wao. Bibi Kulthum alikaa akiwatazama watatu waliobaki, na tuseme kweli, aliogopa. Chuo kile ndicho kilichomlisha na kumpa heshima. Kikifungwa, hana pa kwenda ila Zinga kwa kaka yake, akale chakula cha masimango.

"Hodi! Hodi, mwalimu!"

Alikuwa Mwinyijuma, amesimama nje na Dija, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mke wangu Mina uchungu umemshika tangu nilipotoka hapa. Mtoto hashuki. Mkunga Mwanvita anataka kombe, aya za kunywa, na amesema liandikwe kwa mkono wako, kama lile la kuzaliwa Dija."

Hasira zilimpanda Bibi Kulthum. Akataka kumwambia aende kwa hao aliowazungukia nyumba zao asubuhi. Neno lilifika mpaka mdomoni. Kisha akamfikiria Mina kitandani, akalimeza.

Alileta sahani nyeupe, akavuruga zafarani na marashi, akachonga kijiti.

"Dija, nisomee pale nilipokusomesha juzi."

Mtoto akasoma kwa ghibu. Mwinyijuma akamfuata kwa midomo bila kukosea, maana aya zile alizijua. Ndizo alizosoma mlangoni hadi sauti ikamkauka, siku Dija alipozaliwa.

"Sasa mwambie baba yako zinasema nini," alisema Bibi Kulthum, huku anaandika.

Dija alimtazama baba yake kwa woga. "Zinasema uchungu ulimpeleka Bibi Mariamu kwenye shina la mtende, akatamani angekufa kabla ya hayo. Akaitwa, akaambiwa asihuzunike, chini yake pana maji. Alitikise shina, tende mbivu zitamwangukia, ale, anywe. Huko ndiko kuzaliwa kwa Nabii Isa, baba. Ndiyo niliyowaambia kisimani."

Mwinyijuma akasogea, akaitazama ile sahani.

"Na siku?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haikutajwa," alisema Bibi Kulthum. Akaimwagia sahani maji kidogo, maandishi yakayeyuka, akayamimina kikombeni. "Mpelekee mkeo. Anywe yote."

Mwinyijuma aliondoka amekishika kikombe kwa mikono miwili, na Dija nyuma yake. Bibi Kulthum hakuweza kusomesha tena. Alikaa tu, sikio mlangoni, akiomba Mungu kwa ajili ya Mina na kwa ajili ya chuo chake.

Baada ya alasiri wasichana walianza kurudi, wawili, kisha sita, maana wazazi wao walisikia kwamba Mwinyijuma mwenyewe amerudi kuomba kombe. Wa mwisho alikuwa Dija, anakimbia.

"Mama kajifungua! Wote wazima!"

Bibi Kulthum alifunika uso kwa kanga, akalia. Alipoufunua, Mwinyijuma alikuwa mlangoni, anavua makubadhi. Akaingia taratibu, akaketi pembeni mwa mkeka, nyuma ya wasichana wadogo.

"Mwalimu," alisema, "na aya zilizobaki zinasema nini?"