Kichina cha Shavu

Mhadhiri wa Kichina alijivunia jambo moja tu maishani: toni zake. Alikuwa amesoma ughaibuni miaka saba, akarudi akiweza kulinyoosha neno, kulipandisha na kulidondosha kama mtu anayechezea mpira. Siku ya kwanza ya muhula aliwaambia wanafunzi wake thelathini na mmoja wa mwaka wa kwanza:

"Simu zenu zimeni. Huko mitandaoni kila mtu ana Kichina chake. Nyinyi tazameni mdomo wangu, mnifuate kama kivuli."

Vipokea sauti vya maabara ya lugha vilikuwa vimekufa tangu mwaka juzi, kwa hiyo hawakuwa na njia nyingine. Wakatazama mdomo.

Wiki ya pili, gego lake la chini, upande wa kushoto, likaanza kumuuma.

Mkewe alikuwa fundi wa mapazia, mtu wa jicho kali. Aliona shavu limeumuka hata kabla mumewe hajavaa shati.

"Baba Pacha, nenda kwa daktari wa meno."

"Litapoa."

"Lini?"

"Likichoka."

Huyu ni mtu aliyewahi kuhutubia mabalozi bila karatasi, lakini akisikia neno koleo hutafuta mlango ulipo. Mkewe akamwambia mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, akarudi kwenye cherehani yake.

Basi akafundisha muhula mzima na jino bovu. Kichina kina toni nne, na ile ya nne hudondoka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. Kila alipoidondosha taya lilimchoma, naye akashika shavu kwa kiganja na kuvuta hewa: "Sss!" Ile ya tatu, inayoshuka bondeni ndipo ipande, hakuiweza kabisa. Aliinamisha kichwa hadi begani akaimalizia puani. Neno la kuagana, zaijian, lina toni ya nne mara mbili, kwa hiyo kila kipindi kilikwisha kwa mhadhiri kushika shavu mara mbili, machozi yakimlengalenga. Wanafunzi wakaona kumbe Wachina ni watu wanaoagana kwa uchungu sana.

Darasa lilipomwitikia, yeye hakusikia kitu. Jino likikushika kweli kweli, masikio nayo huziba.

Likizo ilipofika, mkewe alimwambia amsindikize wakapime madirisha ya mteja mmoja. Mteja alikuwa daktari wa meno. Mama Pacha alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni mpaka kazi ikaisha, na haikuchukua hata dakika tano.

Muhula wa pili mhadhiri aliingia darasani mwepesi kama aliyetua gunia. Aliwasalimia, akawauliza habari za likizo, toni zote zikitiririka kama maji. Wanafunzi wakatazamana. Kiranja wao, binti aliyeitwa Kamusi kwa sababu hakuachana na kamusi yake hata akienda kunawa mikono, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Hukupata nafasi ya kufanya mazoezi likizoni?"

"Kwa nini?"

"Naona Kichina kimekutoka kidogo."

Akainuka, akainamisha kichwa begani, akashika shavu, akasema sentensi ndefu isiyo na kosa hata moja la sarufi, huku akivuta "sss" kila penye toni ya nne. Wenzake wakairudia. Viganja thelathini na kimoja juu ya mashavu thelathini na moja. Hapo ndipo mhadhiri aliposikia, kwa mara ya kwanza, kile alichokipanda.

"Jamani, lile lilikuwa jino!" Akapanua mdomo kuwaonyesha pengo.

Walipanga mstari wakaja kulitazama mmoja mmoja, kwa heshima.

"Pengo tumeliona, Mwalimu," alisema Kamusi kwa huruma. "Ndiyo sababu yenyewe hiyo. Umeng'olewa kiungo cha kutamkia."

Barua yao ilifika kwa mkuu wa idara ikiwa na sahihi zote. Mkuu hakujua hata neno moja la Kichina, lakini mikutano aliijua sana.

"Wengi wape, ndugu yangu," alimwambia mhadhiri. "Watu thelathini na mmoja wanasema hivi, wewe peke yako unasema vile. Mimi nifanyeje?"

"Mzee, Wachina zaidi ya bilioni moja wanasema kama mimi!"

"Hao hawakusaini."

Ikaamuliwa mhadhiri apate mafunzo rejea kila Jumanne na Alhamisi, mwalimu wake akiwa Kamusi, mpaka mtahini wa nje atakapokuja kukata shauri. Akakaa dawati la mbele, magoti yakigonga ubao.

"Usione haya," Kamusi alimwambia. "Toni ya nne si ya mdomo peke yake. Isikie hapa." Akamgusa shavu kwa ncha ya kalamu.

Nyumbani alipomsimulia mkewe, Mama Pacha alicheka mpaka akajifunika uso kwa pazia la mteja. Mhadhiri hakucheka. Kilichomkera zaidi ni kwamba binti alikuwa anajua kufundisha. Hakumkatisha mtu, hakumcheka mtu, na mwandiko wake wa herufi za Kichina ubaoni ulikuwa safi kuliko wa mhadhiri. Alhamisi ya tatu alimsifu: "Leo umeumia vizuri." Naye mhadhiri, Mungu amsamehe, akafurahi.

Mtahini alikuja kutoka Uchina kwenyewe, mama wa makamo mwenye miwani na mkoba mdogo. Akaanza na Kamusi. Akamuuliza asubuhi hiyo alifanya nini. Kamusi akainamisha kichwa, akashika shavu, akaeleza tangu kuamka hadi kufunga mlango. Mtahini akaweka kalamu chini, akavua miwani.

"Sema tena," aliomba kwa Kichina. "Taratibu."

Kamusi akasema tena. Mama wa watu akatoa leso.

"Babu yangu alikuwa akisema hivi hivi," alisema. "Miaka yake yote ya mwisho. Sikudhani nitaisikia tena sauti hii, tena kwa watoto wa huku."

Aliwapa wote alama za juu. Mhadhiri naye akatahiniwa, kwa amri ya mkuu wa idara, na kwenye fomu yake mtahini akaandika: "Matamshi sahihi. Hayana ladha."

Alipomsindikiza kwenye gari, mhadhiri alishindwa kuvumilia, akamwambia kisa chote. Mtahini alisikiliza akitikisa kichwa.

"Basi babu naye lilikuwa jino," alisema. "Sisi nyumbani tulidhani ni hekima."

Akamwomba mhadhiri asiwaambie wanafunzi habari ya babu.

Mkuu wa idara aliposoma ripoti alifungua kozi mbili: Kichina cha Kawaida, chini ya mhadhiri, na Kichina cha Shavu, chini ya Kamusi, aliyepewa ajira ya mwalimu msaidizi kabla hata hajamaliza shahada. Kozi ya mhadhiri ilipata wanafunzi kumi na mmoja. Ya Kamusi ilihamishiwa ukumbi mkubwa, na wengine walikaa kwenye vidato vya ngazi.

Jumanne moja mhadhiri alipita mlangoni pa ukumbi huo akiwa na kikombe chake cha chai. Kamusi alikuwa anafundisha namna ya kumuuliza mtu anakokwenda. Mwanafunzi mgeni, asiyemjua, akasogea kumpisha kwenye benchi la nyuma.

"Kaa hapa, mzee. Ndiyo kwanza tumeanza."

Mhadhiri alitazama saa. Kipindi chake kilikuwa bado nusu saa. Akaingia, akaweka kikombe sakafuni, akaomba kalamu.