Chumba Kilichomtangulia Namsifu

Jana mchana, nikiwa nimeshapaka rangi kuta mbili za chumba cha binti yetu Namsifu, nilijilaza kidogo kwenye kitanda chake kipya, nikaota.

Kitanda kinanigusa bega. "Samahani, mzee. Una miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Mimi nilitengenezwa kwa mtoto wa miaka minne. Nikaambiwa nirefuke kadiri anavyokua. Sasa umenichanganya."

Kinaanza kurefuka. Namwita mke wangu, Eliwaza. Yeye ndiye aliyesema tuandae chumba kitakachokua pamoja na mtoto. Anachungulia mlangoni.

"Kwani ulidhani natania?" anasema, kisha anarudi jikoni.

Kuta zinapanda. Sungura niliowachora ukutani wanaota ndevu, wanashuka mmoja mmoja na kutoka na mabegi yao. Wa mwisho ananipa mkono. "Tumestaafu," anasema.

Namsifu anaingia. Ana miaka tisa. "Baba, pandisha rafu, nainama sana."

Naipandisha. Nikigeuka, ana kumi na minne. "Baba, ulipiga hodi?"

"Nilikuwa humu humu ndani."

"Toka, upige."

Natoka. Nje si koridoni kwetu tena, ni uwanja wa shule, na milango imesimama kwenye nyasi bila nyumba. Kila mlango una mzazi mwenye brashi ya rangi mkononi. Napiga hodi kwenye mlango wangu. Napiga tena. Huyu mtoto bado sijamfundisha hata kuendesha baiskeli.

"Vumilia, mzee," mlango unaniambia. "Anakua."

Unapofunguka, naona mwanamke mtu mzima, peku, mrefu kunizidi. Ukuta wa tatu ameshaupaka kijani. Wa nne ni mtupu.

"Huu nimekuachia," anasema. "Nilidhani umeondoka."

"Nilikuwa hapa mlangoni."

"Miaka yote hiyo?"

"Kwangu ni kama dakika mbili."

Anacheka, nami nacheka mpaka machozi yananitoka. Tunaupaka ukuta pamoja, yeye juu, mimi chini. Anarudi nyuma kuutazama, anakanyaga sinia la rangi. "Pole, baba," anasema. "Nitapafuta."

Niliamshwa na Namsifu wa miaka minne akinivuta sikio. Eliwaza alikuwa amesimama mlangoni, anatazama sakafu.

"Baba Namsifu, nani kaingia humu na rangi miguuni?"

Ulikuwa unyayo mmoja wa kijani, bado mbichi, mwembamba, mrefu kuliko wa Eliwaza. Ndoo zangu zote zilikuwa za rangi nyeupe. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake.

Namsifu akavua ndala, akaweka mguu wake juu ya ule unyayo. Kidole chake cha mwisho nacho kimepanda hivyo hivyo, tangu azaliwe.

Akautazama kwa makini, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

"Bado mkubwa," akasema.