Silingi ya Mzee Waithaka

Hasira ilimpanda Phanice hata kabla hajaweka begi chini. Miezi minne alikuwa amekesha akipanga mwangaza wa ofisi hii ya Gatina, ndani ya jengo kuukuu lililokuwa kiwanda cha sabuni, na sasa akiinua macho haoni paa. Anaona silingi! Dari nyeupe ya jipsamu, ukuta hadi ukuta, na vitaa vya buluu vimezungushwa pembeni utadhani kuna harusi.

"Mzee, nani ameweka hii kitu?"

Mzee Waithaka, mwenye jengo, alitabasamu hadi ufizi. "Ni mimi, msichana wangu. Mafundi wamefanya wikendi yote. Ofisi gani haina silingi? Watu wangesema nimekodisha godauni."

Jamani! Kazi yenyewe si ndiyo hilo paa? Jengo halikuwa na dirisha hata moja la maana, kwa hivyo Phanice alikuwa amebandua mabati kumi na mawili na kuweka ya kupitisha mwanga, kisha akapanga meza moja moja ili jua lizifikie bila kuumiza watu macho. Taa zilikuwa chache tu, za jioni na za siku za mawingu. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Madam Angeline, aliyekodi jengo, alikuwa amemwahidi kwamba ikimpendeza atampa na ofisi yake nyingine, ya mtaa wa Olympic. Na alikuwa anakuja saa sita leo leo.

"Mzee, toa. Hata nusu tu, tafadhali."

"Nitoe? Kwani umerukwa na akili?"

Wakabishana hadi saa sita ikafika. Phanice alikuwa bado anafoka Angeline alipoingia, akatazama juu, akapiga makofi.

"Ai, Mzee! Imetoka tu vile nilikuambia."

Phanice akageuka. "Ulimwambia?"

"Usikasirike, mpenzi. Ile mabati nilidhani hujamaliza, nikaona aibu kukuuliza. Sasa inakaa ofisi. Ile ya Olympic nifanyie hivi hivi."

Kazi aliyoitamani Phanice alikuwa ameipata, na alitaka kulia. Kabla hajafungua mdomo, stima zikapotea.

Giza totoro! Saa sita mchana, jua linachoma nje, na humu ndani watu wazima watatu wanapapasa wakitafuta ukuta. Phanice alifurahi, haki ya Mungu, alifurahi kabisa. Sasa wataelewa bila kuelezwa.

"Mmeona?" akauliza.

"Nimeona," Angeline akajibu, akihangaika kuwasha tochi ya simu. "Phanice, ile ya Olympic weka na jenereta."

"Na iwe kubwa," Mzee Waithaka akasema.