Feni ya Mzee wa Mafumbo

Majirani bado walimwita Nesi, ingawa alikuwa amestaafu mwaka wa tisa sasa na sindano pekee aliyoishika siku hizi ilikuwa ya kushonea vifungo. Mumewe walikuwa wakimwita Mzee wa Mafumbo, kwa sababu kila wiki gazeti lilichapa fumbo lake la maneno, lile la vijumba vyeupe na vyeusi. Mzee alifariki mwaka jana. Kilichobaki katika chumba chake cha kazi kilikuwa meza, kiti chenye mto uliobonyea, na kompyuta ya mezani iliyokula chumvi nyingi kuliko kompyuta yoyote mtaani.

Kompyuta hiyo ilikuwa na kelele zake. Feni ilikoroma, ikakwaruza, ikatulia kidogo, ikakoroma tena. Kwa miaka kumi na minne Nesi alilala kwa sauti hiyo, mlango wa katikati ukiwa wazi, mzee akiwa kule anapanga vijumba vyake. Mara moja moja mzee angepaza sauti: mdudu wa kichwani, herufi tano. Nesi, amefumba macho, angejibu chawa, na mzee angecheka peke yake. Jibu mzee alikuwa nalo siku zote. Alipenda tu kuuliza.

Baada ya mazishi Nesi alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Kila akitaka kulala alibonyeza kitufe, akaiacha kompyuta ikorome, akaenda kitandani. Kuitumia hakujua, na wala hakuwa na haja ya kujua. Aliishi hivyo miezi kumi na akawa anapata usingizi wake vizuri. Kisha, wiki tatu zilizopita, alibonyeza kitufe, kimya. Akabonyeza tena na tena mpaka kidole kikamuuma. Nyumba ilinyamaza kama siku ile waliporudi kutoka makaburini, na Nesi akalia kama mtu aliyefiwa mara ya pili. Tangu hapo usingizi akawa anausikia kwa wenzake.

Binti yake, aliyekuwa akiishi mji mwingine, alimshauri kwenye simu alitupe hilo dude. Angemtumia ya kisasa, nyembamba, isiyo hata na feni. Nesi alimshukuru, wakaagana vizuri, akaanza kutafuta fundi.

Fundi alifika saa nne asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo, begi lake zito, maneno yake machache. Kabla hata ya kufungua begi aliuliza ni kitu gani cha muhimu kilichokuwamo, maana kwa mashine ya umri huo pengine ingefaa kuokoa kilichomo na kuachana nayo. Hapo ndipo Nesi angeweza kusema ukweli. Lakini mtu mzima na akili zake atamwambiaje mgeni kwamba anachotaka ni kelele? Akasema picha. Picha za harusi ya binti yangu, akaongeza, ili uongo upate miguu.

Fundi akaanza na mambo mepesi. Alichomeka taa ya mezani kwenye soketi, ikawaka. Nesi, ambaye hakupenda kuonekana hajui kitu, akamwambia soketi alishaipima mwenyewe kwa pasi. Fundi akatabasamu, akabadilisha waya, akabonyeza kitufe. Kimya. Akafungua ubavu wa sanduku, na vumbi lililotoka humo lilitosha kumfanya Nesi aone aibu ya nyumba yake. Akachomoa kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme, akanyoosha kibanio cha karatasi, akaunganisha nacho tundu la waya wa kijani na tundu la waya mweusi. Kama kisanduku kilikuwa hai, alieleza, feni yake ingezunguka. Nesi alisimama mikono kifuani, kama alivyokuwa akisimama zamani kando ya kitanda akisubiri mgonjwa avute pumzi. Feni haikutikisika.

"Pawa saplai imekufa, mama," fundi alisema. "Lakini vingine naona ni vizima."

Alikuwa na nyingine kwenye begi, iliyotumika kidogo. Akaifunga, akapuliza vumbi, akakaza skrubu, akamwambia Nesi abonyeze kwa mkono wake. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Kioo kikapata mwanga. Fundi akarudi nyuma hatua moja, ameridhika na kazi yake, akasema iko safi kabisa, hata haisikiki.

Nesi alitega sikio. Ni kweli, haikusikika. Akakaa kwenye kile kiti cha mto uliobonyea na machozi yakamtoka. Fundi alidhani ni furaha, akaharakisha kumtafutia hizo picha. Alipekua huku na huku. Alikuta mafumbo tu, mamia kwa mamia, kila moja na tarehe yake.

"Mama, picha mbona sizioni?"

"Hapakuwa na picha, mwanangu. Nilikudanganya. Mimi nilikuwa naitaka ile kelele."

Akamweleza yote, ya mlango wa katikati, ya chawa, ya zile wiki tatu. Fundi hakucheka. Aliuliza tu ilikuwa kelele ya namna gani, na Nesi, mtu aliyewahi kuongoza wodi nzima, akakoroma kwa koo lake mwenyewe: krrr, krrr, kha. Fundi akamsikiliza kwa makini mpaka mwisho.

Kisha akakiokota kile kisanduku kilichokufa, akakifungua, akang'oa feni yake. Aliizungusha kwa kidole, ikakwaruza. Akaifunga nyuma ya sanduku kubwa, penye matundu ya hewa, akaunga nyaya zake na waya mmoja wa ziada wa pawa saplai mpya. Kwa mazoea tu akachukua kichupa cha mafuta. Nesi akamshika mkono.

"Usitie mafuta."

"Bila mafuta haitadumu, mama. Siku moja itasimama."

"Najua. Nimeuguza wengi."

Fundi alipoondoka ilikuwa bado mchana kweupe. Nesi hakungoja usiku. Aliacha mlango wa katikati wazi, akapanda kitandani, akafumba macho. Kule ng'ambo feni ikakoroma, ikakwaruza, ikatulia kidogo, ikakoroma tena, ile ile, haikukosea hata mahali pamoja. Mwili ukamlegea. Lakini usingizi ulifika mlangoni ukasimama hapo, na yeye hakujua unangoja nini, mpaka alipogundua kwamba alikuwa amekaa tayari na jibu mdomoni.

"Haya, uliza," akasema.

Feni ikakwaruza, ikatulia kidogo, ikaendelea kukoroma.