Ugonjwa wa Watu wa Mjini

Mgambo walimkuta Elieza kitandani, jua limeshapanda na kijiji kizima kiko shambani kuiwahi mvua. Alikuwa macho, anatazama ukuta. Wakamwinua kwa makwapa kama gunia, wakampeleka ofisi ya kijiji bila viatu.

Sheria ndogo ya kijiji ilikuwa wazi: kila mwenye nguvu alime mtama. Asiyelima ni mzururaji.

Stanley, mtendaji wa kijiji, alikuwa rika la wanawe. Hakumwamkia.

"Mzee, unaumwa wapi?"

Elieza akatafuta jibu. Tangu ukame umalize ng'ombe wake, kitu kizito kilikuwa kimemkalia kifuani, lakini si kifua kilichouma. Usiku hapati usingizi. Chakula ni kama anatafuna mchanga.

Akajibu mkewe, Anyesi, aliyewafuata mbio hadi pale. "Nilimpeleka Dodoma. Daktari akasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni. Dawa alizotupa zimeisha, na zahanati yetu hapa ina panado tu."

"Sonona." Stanley akawageukia mgambo. "Bosi wangu kule mjini aliipata hiyo. Akapewa likizo, akaenda kupumzika kwa dada yake Arusha. Lakini yule anafanya kazi ya kichwa. Wewe mzee, kichwa chako unakifanyia kazi gani?"

Mgambo wakacheka.

"Majirani walikubali kutulimia," alisema Anyesi. "Nikapika pombe ya kuwaitia, kama desturi. Ukaja ukaimwaga."

"Msimu wa kilimo pombe marufuku, mama. Wangelima kwa maji."

"Mgogo gani atakulimia kwa maji?"

"Basi alime mwenyewe."

Adhabu ikatolewa palepale: akalime shamba la ofisi, lile ambalo mavuno yake hayajawahi kufika ofisini.

Elieza akapewa jembe. Akainama, akaanza. Hakupumzika, hakufuta jasho, hakuinua uso. Wanawake waliokuwa wakipita na mbegu wakasimama.

"Kumbe anaweza," alisema mmoja. "Anyesi, ulikuwa unamdekeza."

Stanley akatoa simu ampige picha, aitume kwenye grupu la wilaya. "Mnaona? Amepona. Mzee, hebu tazama huku."

Elieza hakutazama. Alikuwa ameshaupita mpaka wa shamba na sasa anailima barabara ya kijiji, jembe linagonga mawe, damu ya viganja inateleza kwenye mpini. Anyesi akamkimbilia.

"Toka hapo, mama," alisema Stanley, simu ikiwa bado juu. "Unaharibu picha."